Cheche na Ratiba

Fimbo ya kuchomelea ya aina ya E7018 huja ndani ya kopo lililozibwa lisipitishe hewa, na fundi anayejiheshimu halifungui kopo hilo mpaka kazi iwe mezani. Fimbo zikishatoka huwekwa kwenye kijitanuri kinachotunza joto la nyuzi 120 za Selsiasi au zaidi. Adui ni unyevu. Gamba linaloizunguka fimbo hunyonya maji kutoka hewani. Maji yakifika kwenye moto wa umeme hutoa haidrojeni, nayo hujipenyeza ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kikishapoa, haidrojeni huanza kutafuta pa kutokea. Ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, hata kesho yake, fundi akiwa ameshalipwa na kwenda zake. Ndiyo maana kanuni za Marekani za kuchomelea miundo ya chuma, zinazojulikana kama D1.1, huiruhusu fimbo ya kawaida ya aina hii kukaa nje ya tanuri kwa saa 4 tu.

Kumfundisha kijana wa miaka 16 aogope maji asiyoyaona kunachukua muda. Macho yake yanaona fimbo kavu, vidole vyake vinagusa fimbo kavu, na mshono alioutoa unang'aa. Mwalimu anamwambia azirudishe kwenye tanuri. Mimi ninaanza kuuheshimu ufundi huu hapo hapo, kabla cheche haijaruka.

Halafu kuna namba. Tarakimu mbili za mwanzo katika E7018 hutaja nguvu ya chuma kitakachobaki kwenye mshono: pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba kabla hakijakatika. Ile 1 inasema fimbo inafaa kwa mkao wowote, mezani, ukutani au darini. Ile 8 inaeleza gamba lilivyotengenezwa na umeme unaolifaa. Mwanafunzi aliyekariri haya bila kushika fimbo hajajua kitu, na aliyeshika fimbo bila kuyajua ni wa kuogopwa na kila atakayepita chini ya paa lake.

Kazi yenyewe inaanza kwa giza. Kibano cha waya wa kurudishia umeme kinabanwa mezani, kofia inashushwa, na kupitia kile kioo cheusi mtu haoni hata mkono wake. Ncha ya fimbo inaparuzwa juu ya bamba, tao la umeme linawaka, na ghafla kinaonekana kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka. Kila anayejifunza huanza kwa kuutazama mwanga. Mwanga haufundishi kitu. Cha kutazama ni kidimbwi, hasa ukingo wake wa nyuma: kinavyojaa, kinavyotanuka, kinavyoganda. Urefu wa tao usizidi unene wa fimbo, yaani milimita 3 na kidogo kwa fimbo inayotumika sana shuleni. Lakini fimbo inafupika kila sekunde, kwa hiyo mkono sharti ushuke huku unasonga mbele, kwa kasi mbili zisizofanana, na huku fimbo imelazwa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea inakokwenda. Ukikimbia, mshono unakuwa mwembamba na haushiki. Ukijivuta, chuma kinarundikana juu wakati chini hakijaungana. Sikio nalo lina kazi yake: tao zuri hutoa mlio wa mfululizo, kama maandazi yanapokaangwa, na tao lililorefuka hufoka na kurusha matone. Mwalimu mzoefu hupita nyuma ya mapazia ya vibanda na kujua nani amepotea bila kufunua pazia hata moja.

Mshono ukipoa hufunikwa na ganda. Linagongwa kwa kinyundo chenye ncha, kisha brashi ya waya inapita. Siku ganda linapobanduka lenyewe, kipande kirefu kwa mara moja, na chini yake kuna mawimbi madogo yaliyolingana, mwanafunzi huita wenzake waje waone. Mwalimu huwa haiti mtu. Anageuza bamba na kutazama upande wa pili.

Mkao wa mezani ndio wa huruma, kwa kuwa uzito wa chuma unamsaidia fundi. Mkao wa wima unamgeuka. Kidimbwi kinataka kumwagika, na fundi hupanda nacho kutoka chini kwenda juu, akijenga kijirafu cha chuma kilichoganda ili kile cha juu kipate pa kukalia, akituama kidogo kando ya kulia, kidogo kando ya kushoto, akivuka katikati upesi. Darini ni taabu tupu. Cheche zinaingia kwenye kola, shingo inauma, na bado urefu wa tao ni ule ule. Baada ya mikao yote huja mabomba, na mwisho wa mabomba ni bomba lililofungwa kwa mlalo wa nyuzi 45, lisiloruhusiwa kuzungushwa. Hilo humlazimisha fundi kupita katika kila mkao ndani ya mzunguko mmoja, na walio wengi hawalifikii wakiwa shuleni.

Mtihani wa ufundi huu ninaupenda kuliko mitihani yote ninayoijua. Mabamba mawili yenye unene wa karibu milimita 10 huunganishwa, kisha hukatwa vipande vyembamba vinavyopita katikati ya mshono. Kila kipande husagwa kikawa laini, mapambo yote ya juu yakaondoka, halafu huwekwa kwenye mashine na kukunjwa mpaka kifanane na herufi U, mshono ukiwa upande wa nje unaovutwa. Mpasuko ukifunguka zaidi ya milimita 3, umeshindwa. Msahihishaji hana nafasi ya kumpendelea mtoto wa fulani. Taka iliyonaswa ndani, kipovu cha hewa, mahali ambapo mkono uliharakisha sekunde moja wiki iliyopita, vyote hujitokeza vyenyewe.

Ili kufika kwenye kipande kinachokunjika bila kupasuka, kijana huchoma mamia ya fimbo na kuharibu rundo la mabamba ambayo hayatauzwa popote. Anahitaji kibanda chake, mashine yake, bomba la kufyonza moshi juu ya kichwa, tanuri la fimbo, grenda, mkasi mkubwa wa kukatia mabamba, koti la ngozi. Juu ya yote anahitaji mtu aliyewahi kula kwa kazi hiyo, asimame nyuma yake. Shule moja ndogo itavipata wapi?

Chukua Long Lake, kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Adirondack kaskazini mwa jimbo la New York. Hifadhi hiyo ina ekari kama milioni 6, pungufu kidogo tu ya Rwanda nzima, na wakazi wake wa kudumu ni kama 130,000. Shule ya Long Lake ni jengo moja, kuanzia watoto wa chekechea hadi wa darasa la 12, na wote pamoja hawafiki 100. Shule hiyo ni wilaya kamili ya elimu: ina bodi yake iliyochaguliwa na kodi yake ya majengo na ardhi, kwa kuwa huko wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea na haimo chini ya mkuu wa wilaya kama tulivyozoea sisi Tanzania. Wanafunzi wanaotaka kuchomelea katika shule ya namna hiyo wanaweza kuwa wawili mwaka huu na asiwepo hata mmoja mwaka kesho. Hakuna bodi yenye akili timamu itakayowajengea karakana.

Bunge la New York liliipatia hali hii njia mwaka 1948, kwa sheria iliyoziruhusu wilaya jirani kuunda bodi za pamoja za huduma za elimu, zinazoitwa BOCES. Zilikusudiwa ziwe za mpito. Sheria ile ile iliwazia wilaya kubwa za kati ambazo zingekuja kuchukua nafasi ya bodi hizo, na wilaya hizo hazikuundwa kamwe. Cha mpito kikadumu, na leo BOCES ni 37. Karibu wilaya zote za jimbo ni wanachama, isipokuwa chache pamoja na miji mitano mikubwa, yaani New York, Buffalo, Rochester, Syracuse na Yonkers, ambayo sheria haiihusishi. Long Lake imo katika BOCES ya Franklin, Essex na Hamilton, pamoja na Malone, Tupper Lake, Saranac Lake na Lake Placid, mji uliowahi kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1932 na 1980.

Mpango wa kawaida ni huu. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 hubaki mwanafunzi wa shule ya kwao, anacheza katika timu yake na kuhitimu kwa jina lake. Nusu ya siku, saa mbili na nusu hivi, hupelekwa kwa basi kwenye kituo cha pamoja ambako wanafunzi wa shule nyingine nao wamefika: huyu magari, yule upishi, mwingine uuguzi wa awali, mwingine mitambo ya kuchimbia barabara, mwingine kuchomelea. Si kila kituo kina kila fani. Asubuhi huja kundi moja, mchana la pili, na jioni mara nyingi watu wazima. Kibanda kimoja kinatumiwa na watu watatu kwa siku, na mashine haipati nafasi ya kupoa. Kwa chombo cha bei kama ile, huo ndio utunzaji ninaoukubali.

Wengi wanaosifu vituo hivi husifu mashine. Mimi namsifu mtu ambaye haonekani kwenye picha yoyote ya uzinduzi: mpangaji wa ratiba.

Shule yenye wanafunzi wachache hufundisha somo kubwa mara moja tu kwa siku. Kuna mwalimu mmoja wa fizikia na kipindi kimoja cha fizikia. Vivyo hivyo hesabu za juu, vivyo hivyo bendi. Tuseme basi linaondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa tano na nusu. Kila somo lililopangwa kati ya saa hizo limemkosa mtoto wa kuchomelea, na akilazimishwa kuchagua kati ya fizikia na karakana, shule imemwambia bila kutamka kwamba wenye akili hawashiki fimbo. Mpangaji hodari huyakusanya masomo yale ya kipindi kimoja na kuyasogeza yote kwenye nusu ya pili ya siku. Hapo anagonga ukuta mwingine. Mwalimu wa muziki ni wa kugawana na shule jirani na anapatikana asubuhi tu. Anapiga simu. Shule jirani nayo ina basi lake. Vibanda vya kuchomelea ni vya idadi fulani, na kama shule tatu zote zinataka asubuhi, moja sharti iende mchana, nayo itabidi ipindue ratiba yake nzima kwa ajili ya watoto wanne. Penye wengi pana mengi.

Jimbo limesaidia kidogo kwa kuruhusu sehemu ya Kiingereza, hesabu na sayansi ihesabiwe ndani ya fani yenyewe. Pembe za kukata mabomba ni hesabu halali, na mtoto anayeandika ripoti ya jaribio la kukunja ameandika insha. Hilo hufungua kipindi kimoja au viwili. Vingine hutafutwa dakika kwa dakika. New York inadai siku 180 za masomo kwa mwaka. Kengele za shule mbili zikipishana dakika 10 na basi la pamoja likalazimika kusubiri, hizo ni saa 30 kwa mwaka, sawa na siku 12 za karakana zilizopotea barabarani. Mpangaji anajua hivyo. Anaweza kuipigania kengele ya saa mbili na dakika tano kwa miezi, na watu wakamwona ana matatizo.

Kisha kuna theluji. Asubuhi moja ya Januari wilaya ya milimani inafunga shule na ya bondeni haifungi. Nusu ya darasa la kuchomelea haipo, na mwalimu hawezi kuanza somo jipya la mkao wa wima kwa waliofika. Likizo zisipolingana ni hasara ile ile bila theluji. Ndiyo maana wilaya zinazoshirikiana hukaa na kukubaliana kalenda moja ya eneo zima, jambo linaloonekana la kiofisi mpaka ufikirie ni bodi ngapi zenye mamlaka kamili zimekubali kuachia uhuru wa kupanga sikukuu zao. Kutoka Long Lake hadi Saranac Lake, kilipo kituo kimoja cha BOCES yao, ni karibu kilomita 70 za barabara ya msituni. Watoto wanaotoka mbali hivyo mara nyingi hula chakula cha mchana ndani ya basi.

Fedha nazo zimepangwa kwa mkono wa fundi. BOCES haina mamlaka ya kutoza kodi. Gharama za utawala hugawanywa kwa wanachama wote, wapende wasipende, lakini huduma hununuliwa na anayeitaka, na shabaha ni huduma inayohitajiwa na wilaya mbili au zaidi. Mwaka unaofuata jimbo hurudisha sehemu ya fedha, na wilaya maskini hurudishiwa sehemu kubwa zaidi. Swali gumu ni namna ya kutoza. Ukitoza kwa kila kichwa kilichopo mwaka huu, mkuu wa shule mwenye bajeti iliyobana atawashauri watoto wabaki darasani, na karakana itayumba kila mwaka. Baadhi ya BOCES hutoza kwa wastani wa wanafunzi wa miaka kadhaa. Bili inatulia, mwalimu ana hakika ya kazi, na mkuu wa shule hana sababu ya kumzuia mtoto kwa ajili ya hesabu ya Juni. Sijui sera nyingi za elimu zenye akili iliyofichika kiasi hicho ndani ya kanuni moja ya kugawanya.

Majimbo mengine yamechukua njia zao. Ohio na Oklahoma zina wilaya za ufundi zenye kodi yake, zilizopigiwa kura na wakazi. Massachusetts ina shule za ufundi za kanda ambako mwanafunzi huhamia moja kwa moja, na nyingi huenda wiki moja karakana, wiki moja darasani. Njia hiyo inalimaliza tatizo la basi la saa sita, na mkono unapata wiki nzima bila kukatizwa, lakini mtoto anaiacha shule ya kijijini kwao. Mimi bado naegemea New York, kwa kuwa kijiji hakimpotezi mtoto.

Malalamiko yapo. Kuna walimu wa shule za nyumbani wanaoona kituo kama mahali pa kupeleka wasumbufu, na wazazi wanaoamini hivyo. Mwalimu wa fani naye ni mgumu kupatikana. Jimbo humruhusu fundi kupata leseni ya kufundisha kwa miaka ya kazi badala ya kumdai shahada kwanza, lakini mchomeleaji wa mabomba mwenye mkono mzuri anaweza kulipwa zaidi nje ya shule. Anayekubali kuja ana sababu zake. Mara nyingi ni magoti.

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, utawakuta mafundi wanaochomelea mageti kwa miwani ya jua, bila koti wala tanuri la fimbo, na baadhi yao wana mkono ambao mwalimu yeyote wa Marekani angesimama kuutazama. Wanachokosa ni ile nusu nyingine: kinga ya macho, kujua kwa nini mshono uliong'aa jana umepasuka leo, na mtihani wa kukunja ambao cheti chake kingemfungulia fundi mlango wa kiwanda. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, imebeba sehemu ya mzigo huo. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali ndani ya sekondari, na kila shule itatamani karakana yake. Nina hofu na matamanio hayo. Mashine mbili za kuchomelea kwa wanafunzi 60, umeme usiotosha, fimbo zilizokwisha Machi, na mlango unaofungwa kufuli mpaka mgeni rasmi aje.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakurugenzi wa halmashauri zinazopakana. Kabla ya bajeti ijayo, kaeni meza moja na wakuu wenu wa shule, na msianze na bei za mashine. Anzeni na ratiba za shule zote zikiwa zimetandazwa mezani, mtafute nusu siku ambayo watoto wote wa fani wanaweza kuondoka bila kukosa fizikia. Kisha mkubaliane nani analipa basi, au bweni pale ambapo basi halifiki, na nani analipa fimbo. Mkishindwa hapo, msijenge.